Paka wa Mama Mkwe

Josia alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao wote wa Mwamapalala kulala juu ya kichwa cha mtu mwingine, na miezi ya mwanzo jambo hilo lilimvimbisha kichwa. Nyumba aliyopanga ilikuwa kwenye jengo la ghorofa moja katikati ya mji wa Bariadi, maduka chini, familia nne juu. Si kitu cha kumshangaza mtu wa Mwanza. Lakini Bariadi ya miaka ile ilikuwa mji wa kukanyaga ardhi, na ndugu zake walipokuja mnadani walipita makusudi kumtazama Josia ameegemea roshani na kikombe cha chai, kama vile amepanda mti akashindwa kushuka.

Ghorofa aliipata kwa sababu ya pamba. Ndiyo kwanza serikali ilikuwa imewaruhusu wanunuzi binafsi, na kampuni moja ilimtoa Josia kwenye ushirika, alikokuwa karani wa mizani, ikampa usimamizi wa ununuzi. Walimtaka akae karibu na ofisi, na ofisi ilikuwa chini ya jengo lile. Akahamia yeye na mkewe Kwandu, mwalimu wa shule ya msingi. Binti yao, Winnie, alikuwa bweni. Vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo, na katikati ujia mwembamba ambao watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuze ubavu.

Ujia huo ndio uliomtesa Josia tangu mama mkwe alipohamia.

Mama mkwe, jina lake Nyanjige, alikuwa mjane wa kijiji cha Zagayu, na Kwandu ndiye mtoto pekee aliyembakia. Mvua zilipoangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yake, na mtoto wa jicho alipokwisha kufunika jicho moja na kuanza la pili, Kwandu alikwenda kumchukua. Madaktari wa macho walitarajiwa kufika hospitali ya wilaya baada ya mavuno. Mpaka hapo bibi alale pakavu, asihangaike na moto asiouona vizuri. Josia hakubisha hata kidogo. Alimheshimu sana mama yule, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mtu wa mbali anaweza kucheka, na acheke. Kwa Wasukuma, mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni wala hawaitani majina. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko unayompa chifu. Kijijini heshima hiyo ina nafasi yake: mama akimwona mkwilima anakuja kwa mbele, anazunguka nyuma ya zizi, mkwilima naye anakata kona kwenye mihogo, na wote wawili wanabaki na adabu zao. Ghorofani hakuna mihogo. Kuna ujia, na milango yote ya nyumba inafungukia humo humo.

Basi Josia akawa anakohoa. Akirudi kazini alianza kukohoa tangu ngazi ya chini, kikohozi kirefu cha mtu mwenye nyumba, ili mama apate muda wa kuingia chumbani. Na mama aliingia, chap, hata kama alikuwa katikati ya kula. Josia akifika anakuta sahani ya ugali imemegwa upande mmoja tu, moshi bado unatoka, na pazia la chumba bado linacheza. Moyo ulimuuma kila alipoiona ile sahani. Ndipo alipoona afadhali asipande mapema. Akawa anakaa kwenye benchi la duka la chini, anasikiliza redio ya watu, anakunywa soda asiyoitaka, mpaka giza liingie na awe na hakika kwamba mama ameshakula, ameshalala. Wapangaji wenzake wakaanza kunong'ona kwamba yule bwana na mkewe hawapatani.

Jioni moja Kwandu alimfuata huko huko kwenye benchi.

"Baba Winnie, mama anataka kurudi Zagayu."

"Kurudi wapi? Ile nyumba ina ukuta?"

"Amemtumia salamu Mahona aje amchukue mvua zikikatika."

Mahona alikuwa mtoto wa kaka yake Nyanjige, mfugaji, mtu mwema wa sauti kubwa. Lakini mvua zikikatika Mahona huyo huyo huhamisha ng'ombe kutafuta malisho na haonekani miezi. Bibi angebaki peke yake katika nyumba ya kuta tatu, na jicho moja, na hilo moja likielekea kuzima.

"Na madaktari?"

"Anasema macho ameyatumia vya kutosha." Kwandu akakaa, akavua viatu vyake vya kazini. "Tatizo ni upweke, Baba Winnie. Mimi natoka asubuhi, wewe ndiyo usiseme. Kwake alikuwa anaongea na mbuzi, anagombana na kuku, siku inakwisha. Leo nimemkuta anaisimulia sufuria."

"Sasa tulete mbuzi huku juu?"

"Nani kasema mbuzi? Paka."

Josia alinyanyuka kwenye benchi kama mtu aliyeitwa jina kwenye mkutano. Hatimaye kulikuwa na kitu ambacho angeweza kumfanyia mama mkwe bila kumtazama. "Niachie mimi," akasema. "Paka niachie mimi."

Kosa likawa hapo hapo. Josia amekulia zizini. Mnyama, kwa Josia, anachaguliwa kwa namna moja tu. Alikwenda Kasoli, kwenye ghala la pamba la kampuni, ambako kulikuwa na paka dume aliyesifika kwa kuua panya mpaka wafanyakazi wakimwita Afande. Josia alimkagua kama anavyokaguliwa dume la mnadani. Akamfungua kinywa akaona meno, akampima kifua kwa kiganja, akamvuta mkia kidogo ili ajue kama ana hasira. Alikuwa nazo. Josia alirudi Bariadi mkono wenye mikwaruzo umefungwa kitambaa, paka ndani ya gunia, na furaha yake yote.

Afande alipofunguliwa sebuleni alipanda pazia mpaka juu, akaliangusha na fimbo yake, akapita kwenye ujia kwa kasi ambayo hata Kwandu hakujua ni nini kimepita, akatokea roshani, akaruka. Alitua juu ya bati la duka la vifaa vya ujenzi kwa kishindo kilichowatoa wateja nje. Baadaye ilisikika kwamba amerejea Kasoli, kwa miguu yake mwenyewe.

Kwandu alileta ujumbe kutoka chumbani. "Mama anashukuru sana. Ila anauliza, humu ndani kuna mwizi gani hata ukamletea askari?"

Josia hakucheka. Aliona alipokosea, au alidhani ameona: mnyama alikuwa mkali, basi sasa aletwe mpole. Mpole kuliko wote ni mtoto. Kwenye mlango wa pili wa ghorofa ile ile alikaa Wilhelmina, fundi cherehani, na paka wake alikuwa amezaa ndani ya kapu la vipande vya vitambaa. Josia akapewa kitoto kimoja, kimeacha ziwa juzi juzi, cha kijivu, macho ya buluu, kinalia kwa sauti ndogo ya kukutoa machozi. Safari hii mama aliposhikishwa alisema "Lo!" na Josia, aliyekuwa amesimama jikoni ameupa mlango mgongo, alilisikia neno hilo akashusha pumzi.

Furaha haikudumu. Kitoto cha paka hakikai. Kinafuata miguu, kinavizia kanga, kinalala popote usingizi unapokikuta. Na sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya saruji, ya kijivu, na macho ya Nyanjige ndiyo yale. Asubuhi moja, Kwandu akiwa shuleni, bibi alitoka chumbani kwenda jikoni, akahisi kitu laini chini ya wayo, akajirusha pembeni asikikanyage, akaanguka. Wilhelmina ndiye aliyesikia kishindo akaja kumwinua. Kifundo cha mkono kilivimba. Mfupa ulikuwa salama, hospitali walisema, lakini alipotoka hospitali Nyanjige alikwenda moja kwa moja kufunga nguo zake kwenye kitenge. Mahona alikuwa amejibu: Jumamosi atakuja na gari la mtu.

Hapo Josia alihisi maji yamemfika shingoni. Alikuwa ametaka kumpa mama mkwe faraja, na badala yake amemvunja mkono, kasoro kidogo tu.

Kesho yake mchana alipanda kumrudisha mtoto wa paka kwa mwenyewe. Alikohoa ngazini kama kawaida, akasubiri, akaingia. Kitoto kilikuwa ndani ya boksi la sabuni, kwenye ujia, mbele kabisa ya pazia la chumba cha mama mkwe, na nyuma ya pazia alisikia kigoda kikilia. Mama alikuwa pale pale, hatua moja tu. Kwandu hayupo. Hakuna wa kupeleka neno wala wa kulirudisha. Josia aliinama achukue boksi aondoke, akashindwa. Alikaa chini, akalipa pazia mgongo, akalitazama boksi.

"Wewe paka," akasema. "Nasikia umemwangusha mtu. Mwombe radhi. Mwambie mwenye kosa ni aliyekuleta."

Paka alimtazama. Josia akajiona mjinga mkubwa, mtu mzima mwenye ofisi anaongea na boksi. Halafu nyuma ya pazia sauti ikatoka, ya chini, kavu kidogo.

"Wewe paka, mwambie huyo mtu hukuniangusha. Mtoto hana kosa. Rangi yako na sakafu ni moja, na macho yangu ndiyo haya."

Josia akainamia boksi. "Paka, hebu mwulize basi, ni paka wa namna gani angemfaa?"

"Heee," mama akasema, na kigoda kikalia tena. "Mwambie leo ndiyo ameuliza."

Ilikuwa kweli. Josia alikuwa amepima kifua cha dume na kubembeleza mtoto, lakini kwa mwenye kuhitaji hakuwahi kutuma hata swali moja.

"Mwambie hivi, paka. Kwanza awe mtu mzima mwenzangu. Mimi nimelea wangu na wa dada zangu, nimechoka kulea. Awe mweupe, akipita nimwone. Awe mzito, wa kukaa. Panya watapanda ngazi zote hizi kutafuta nini? Kwa hiyo asinisumbue na mambo ya kuwinda. Na awe anasema. Wa kunyamaza ninao wengi humu, viti na makabati." Akasogeza kigoda. "Lakini ya nini kusema, Jumamosi naondoka."

"Paka, mwulize kwa nini anaondoka."

Kitoto cha paka kilijaribu kupanda ukingo wa boksi, kikarudi chini kwa matako.

"Mwambie najua adabu. Tangu nije, mwenye nyumba hajala chakula cha moto. Anashinda dukani kama mlinzi, anapanda watu wamelala. Mtu akikimbia nyumba yake kwa ajili yako, paka, wewe ungekaa?"

Josia aligeuka karibu amtazame, akajikamata. "Mwambie sikimbii! Mwambie nakaa chini ili yeye ale ashibe. Kila nikipanda anaacha sahani."

"Naacha sahani ili yeye apite!"

Miezi yote ile kila mmoja alikuwa akimpisha mwenzake, mmoja analala njaa, mwingine anashikwa na baridi kwenye benchi, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemchoka. Heshima ilikuwa imewachapa wote wawili. Kisha nyuma ya pazia mama alianza kucheka, kicheko chembamba cha puani, na Josia naye kikamtoka, na mtoto wa paka akaogopa akajikunja pembeni ya boksi.

Josia alimrudishia Wilhelmina kitoto chake, na aliporudi kazini alikuwa mtu mwingine. Wakulima walileta pamba yao kwenye mizani, naye akawauliza kila mmoja, mama wewe, mzee wewe, humjui mtu mwenye paka mweupe, mzee, mnene, wa kelele? Wakatazamana. Mnunuzi wa pamba anatafuta paka mweupe mzee, kwa shughuli gani? Haikuchukua muda ikaenea kwamba ile kampuni mpya ina mganga wake, na paka ni wa dawa ya kuifanya mizani iwapunje wakulima. Wengine walihamisha pamba yao kwa mnunuzi wa ng'ambo ya barabara. Josia aliambiwa akapuuza. Jumamosi ilikuwa inakuja.

Uvumi huo ndio uliomfikia mzee Athanasi, na ndio uliomsaidia. Athanasi alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika lile lile alilotoka Josia, na alipanda baiskeli kuja kumwambia kwamba ikiwa ni mambo ya dawa asahau, lakini ikiwa ni mambo ya kukaa na mtu, paka yupo. Josia alimfuata. Hakuwa ameingia ghalani tangu aache kazi. Palipokuwa na milima ya pamba sasa palikuwa na mwangwi. Msimu huo ushirika haukununua hata gunia, pamba yote imekwenda kwa akina Josia, na Athanasi mwenyewe alikuwa anafunga virago kurudi kwao. Hakumlaumu. Josia angependa angemlaumu kidogo.

"Mwangaluka, mayu," Athanasi aliita kwenye giza la ghala, kama anayemwamkia mama wa heshima, na kutoka nyuma ya mizani ya zamani ikajibu sauti nene, ndefu, ya kulalamika, halafu akatoka mwenyewe. Mweupe. Sikio moja limechanika. Tumbo linakaribia ardhi. Alitembea pole pole huku akisema njia nzima, kama mtu anayeeleza mvua ilivyomkuta.

Safari hii Josia hakupima kifua. Alitupa funguo zake sakafuni zikalia, na paka akatazama tu zilipoanguka. Alichukua fimbo ya Athanasi akatembea nayo akiigonga chini kama bibi, na paka akakaa pembeni akampisha. Kisha akaketi juu ya gunia tupu na kungoja bila kuita. Paka alizunguka, akanusa viatu, akapanda mapajani, akajibwaga na uzito wake wote. Hapo ndipo Josia alipomfungua kinywa. Meno yalikuwa machache.

"Dagaa uwalowanishe," Athanasi alisema. "Na mpe gunia lake aende nalo, ana harufu yake humo. Mfungie chumba kimoja kwanza, mpaka akizoee, ndipo umfungulie nyumba. Paka mzee ukimpa nyumba nzima kwa mara moja anachanganyikiwa."

"Nikupe nini, mzee?"

"Paka hauzwi. Ukinikuta mnadani uniambie kama anasema bado."

Josia alizungushia roshani wavu wa banda la kuku, akaweka beseni la mchanga kwenye kona, akatandika lile gunia. Paka aliingizwa chumbani kwa mama, mlango ukafungwa. Kwandu na mumewe walisimama kwenye ujia wakisikiliza. Mwanzo alisikika paka peke yake, analalamika, analalamika. Kisha sauti ya mama: "Kweli? Hata chakula hawakukupa njiani?" Paka akajibu. "Watu wa siku hizi," mama akasema, "ndivyo walivyo." Wakaendelea hivyo mpaka Kwandu akaondoka kwenda jikoni akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mama alimwita Specioza, jina la wifi yake marehemu, ambaye hakunyamaza hata kanisani.

Nyumba ikabadilika. Josia alikohoa bado, lakini mara moja tu, na akapanda mapema. Mama hakukimbia. Aligeuza kigoda akaangalia upande wa jiko, Josia akakaa sebuleni anaangalia dirisha, na Specioza akajilaza katikati ya ujia, akiwa na kazi kama tarishi wa wilaya. "Specioza, mwambie mchuzi bado upo." "Specioza, mwambie nimeshiba, wabeja, asante." Josia aliwahi kula akiwa ameshiba, kwa sababu tu paka alimwambia aongeze.

Lakini ule mzigo wa kitenge haukufunguliwa. Ulikaa pale pale nyuma ya mlango. Ijumaa jioni Josia alimwuliza mkewe kwa hasira ya mtu aliyeumia.

"Anataka nini tena? Si amempata paka?"

"Paka anamtaka. Atamchukua aende naye."

"Umwambie akae!"

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Mimi ni mwanawe, neno langu ni nini? Mama mkwe kuhamia kwa mkwilima ni aibu, Baba Winnie, unajua wewe. Zagayu wanamsema. Mtu wa kuiondoa aibu hiyo ni mmoja, na hajasema."

"Nimemletea paka watatu!"

"Paka watatu si neno."

Josia alilala akigeuka geuka.

Jumamosi Mahona alifika na sauti yake. Alianza kuamkia tangu mtaani, akapanda ngazi kwa makatambuga mazito, akaingia akiwa na fimbo na kicheko, akaijaza nyumba. "Shangazi! Gari iko chini, dereva ana haraka!" Specioza, ambaye funguo hazikumshtua, alimtazama Mahona mara moja akaingia chini ya kitanda. Nyanjige alitoka chumbani amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikaa kwenye kigoda, mkono uliofungwa bendeji mapajani, akiangalia jikoni kama kawaida. Kwandu alisimama karibu yake. Mahona akauchukua mzigo.

"Na paka?" akauliza. "Nimesikia kuna paka."

"Ngoja atoke," mama akasema. "Anaogopa."

Josia alikuwa kwenye mlango wa sebule. Alijua anachotaka kusema, alikuwa amekipanga tangu alfajiri, amekiweka tayari kabisa kumpa paka. "Specioza," akaita. Hakuja. "Specioza!" Wote walingoja, hata Mahona. Kutoka chini ya kitanda haikutoka hata sauti, yeye asiyenyamaza kamwe. Mtaani honi ya gari ikalia.

Basi Josia akapiga moyo konde. Aligeuka akaelekea ukutani, paji la uso karibu liguse chokaa, mikono nyuma, na akasema.

"Mayu. Naomba usiondoke. Sikuombi kwa ajili ya macho, wala kwa ajili ya ule ukuta ulioanguka. Kabla hujaja hapa palikuwa pa kulala tu. Sasa nikipanda ngazi nasikia watu wanaongea. Kaa nasi. Mimi ndiye ninayeomba, si mkeo, si..." Alichanganyikiwa. "Si mwanao. Mimi."

Mahona aliangusha fimbo. "Mkwilima anasema na mama mkwe mdomo kwa mdomo? Shangazi, umesikia?"

"Nyamaza, Mahona," Nyanjige akasema. "Anasema na ukuta, huoni?"

Kwandu alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Josia hakugeuka. Aliitazama chokaa kwa karibu sana, kila ufa mdogo na kila alama ya brashi. Nyuma yake kigoda kililia, mama akanyanyuka taratibu.

"Nimesikia, baba," akasema. Hakumpitishia mtu.

Kisha akamgeukia mtoto wa kaka yake. "Mahona, ukifika Zagayu mwambie jirani yangu Nyamizi avune viazi vyangu vyote, akaushe michembe, aniletee kidogo. Na mabati ya nyumba uyashushe kabla hujahama na ng'ombe, ujengee kwako."

"Mabati? Sasa ukirudi utalala wapi?"

"Nimesema narudi?"

Mahona alimtazama shangazi yake, akautazama mgongo wa Josia, akakosa pa kushika. Honi ililia tena huko chini. Akanyanyua mzigo wa kitenge begani, akageuka nao huku na huku katika ujia ule mwembamba, akagonga ukuta.

"Basi huu niupeleke wapi?"

"Chumbani kwangu," Nyanjige akasema.